Kabla ya Mgeni Rasmi: Kuanzisha Baraza la Mashairi Mtaani

Mashairi mengi ambayo vijana wetu husoma hadharani yameagizwa. Kuna mgeni rasmi anakuja, kuna kaulimbiu kwenye bango, na mwalimu amepewa siku tatu za kuwaandaa watoto wanane wavae fulana mpya na kusema ngonjera kuhusu chanjo, kodi au usafi wa mazingira. Ngonjera yenyewe haina kosa. Mathias Mnyampala alipoitia umbo, na chama cha washairi cha UKUTA kikaitumia kueneza siasa ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967, ilileta ushairi jukwaani hadi kwa watu wasiojua kusoma. Ubaya ni kwamba kijana wa Tandale, Buguruni au Mbagala anakua akidhani shairi ni la kumwimbia mkubwa. Hajawahi kuulizwa yeye mwenyewe ana neno gani.

Ikiwa unataka aulizwe, mwongozo huu ni wako. Ninaandika nikiifikiria Dar es Salaam ya uswahilini, kwa vijana walioishia darasa la saba au kidato cha pili, wanaouza karanga, wanaoendesha bodaboda za watu, wanaosaidia genge la mama. Mengi yatafaa pia Tanga, Mwanza, Unguja au Kisauni ya Mombasa. Si lazima uwe malenga. La lazima ni uweze kunyamaza mtu mwingine anaposoma, na wapenda mashairi wengi hapo ndipo tunaposhindwa.

Mahali, saa na ruhusa

Tafuta kwanza pa kukaa. Darasa la shule ya msingi Jumamosi linafaa kuliko ukumbi wa kukodi: lina ubao, lina madawati, na mwalimu mkuu atakachodai ni barua na mtu wa kufagia na kurudisha ufunguo. Ofisi ya serikali ya mtaa ni ya bure, lakini wapo vijana wanaoikwepa kwa sababu huko ndiko wanakoitwa wakiwa na kesi. Chini ya mwembe ni pazuri hadi masika yaanze. Kijiwe cha bodaboda kitakujazia wavulana, na wasichana hawatakanyaga.

Hata kama mtakutana uani kwa mtu, peleka barua kwa mtendaji wa mtaa na utunze nakala iliyogongwa mhuri. Kukusanya vijana kila wiki bila kuaga kunazua maswali, hasa uchaguzi ukikaribia, na hutaki kuanza kujieleza siku ambayo tayari mtu ameshaenda kusema mnafanya siasa.

Saa ipange kwa kuwatazama wasichana, maana mvulana atapatikana saa yoyote. Saa kumi na moja jioni msichana yuko bombani au jikoni. Saa nane hadi saa kumi alasiri mara nyingi ni nafasi yake pekee, chakula cha mchana kimeshaisha na cha usiku hakijaanza. Usikisie; nenda nyumbani kwao ukaulize. Ukifika, toa shikamoo, kaa ulipokaribishwa, usianze na habari za kukuza vipaji. Mazungumzo yenyewe huwa mafupi:

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu. Nimesikia unawakusanya watoto. Huko wanalipwa?”

“Hawalipwi mama. Wanatunga mashairi. Wapo kumi na watano, wasichana saba, na Mwalimu wa darasa la tano anakaa nasi. Saa kumi kamili nawafungulia.”

“Saa kumi ya kweli?”

“Ya kweli mama. Akichelewa, nipigie mimi.”

Yote anayotaka kuyajua yamo humo: nani yupo, nani mkubwa, na atarudi saa ngapi. Ukishatoa ahadi ya saa kumi, itimize hata kama shairi limefika pazuri. Ukichelewesha Jumamosi mbili, umewapoteza wasichana wote, na hakuna atakayekuja kukueleza sababu.

Kuhusu posho nina msimamo mkali. Usitoe. Nauli kwa anayetoka mbali, sawa. Maandazi na maji, vizuri sana. Lakini ukianza kusainisha watu fedha ya kuhudhuria, siku fedha ikikatika baraza nalo limekwisha. Matumizi ya kweli ni madaftari, kalamu, chaki na vitafunwa, na kiasi hicho watu wazima watatu wenye mapenzi wanaweza kuchangishana. Idadi isizidi ishirini. Kila mmoja anatakiwa asomwe na ajibiwe kila anapokuja, na ishirini tayari ni wengi kwa saa mbili.

Kikao cha kwanza

Usifundishe historia ya ushairi siku ya kwanza. Waambie kila mmoja aje na jina la kanga moja iliyoko nyumbani kwao, na asiye na kanga alete maandishi ya nyuma ya bajaji au daladala. Mtu anasoma, wenzake wanasema nani anaambiwa maneno hayo na kisa ni nini. Hapo utasikia majirani waliogombana, wake wenza, deni la duka, mpenzi aliyehamia Kigamboni. Kisha waulize: aliyevaliwa kanga hiyo angevaa ipi kujibu? Wakianza kubishana juu ya jibu lipi linauma zaidi, umeshafundisha jambo kubwa la ushairi wa Kiswahili bila kutaja hata istilahi moja kama bahari.

Huu ni ushairi wa kujibizana tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa, katika karne ya 19, alirushiana maneno na watunzi wenzake wakati Mazrui na Mabusaidi wakigombea mji. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923, lilikuwa uwanja wa watunzi waliojibizana kutoka miji ya mbali bila kuonana sura. Kijana asiyesikilizwa na mtu nyumbani, dukani wala kituo cha polisi, hapa anapata kitu ambacho makofi hayampi: mtu amekaa na maneno yake wiki nzima, ameyapima, na amerudi na jibu. Baraza lako lisimame juu ya hilo. Kila ubeti unaoletwa lazima upate mjibu, na mjibu atajwe kwa jina kabla watu hawajatawanyika.

Kufundisha mizani kwa maharage

Watu wema watakushauri uwaache vijana wajieleze kwa uhuru, vina na mizani vitawabana. Mimi nasema wabane kwanza. Mgogoro wa ushairi wa arudhi, yaani wa vina na mizani, na ushairi huru una miaka mingi, tangu Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani ya Kichomi mwaka 1974 na wengine wakakataa kabisa kuyaita yaliyomo mashairi, na sina nia ya kuufufua. Kezilahabi naye asomwe, miezi sita ijayo. Sababu yangu ya kuanza na arudhi haihusu heshima ya mapokeo, na nitaionyesha kwa mfano.

Kanuni ni hizi, na zinatosha ubaoni: ubeti wa tarbia una mishororo minne, kila mshororo una vipande viwili, ukwapi na utao, kila kipande kina mizani 8, vina vya ukwapi vifanane, na vya utao vifanane. Anayetaka zaidi yuko Kaluta Amri Abedi, yule aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, na kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi cha 1954.

Kwa kuhesabu, tumia maharage. Kila silabi punje moja mezani. “Ndoo” ina punje mbili. “Mkononi” ina nne, kwa kuwa ile m inasimama peke yake. “Nchi” ina mbili, nayo itazua ubishi. Waache wabishe, wapige makofi, wahesabu tena. Kijana asiyejua kuandika vizuri hapa hana hasara, kwani sikio lake linaweza kuwa kali kuliko la aliyemaliza kidato cha nne. Mpe mwenzake amwandikie, au arekodi kwenye simu.

Tuseme sasa kijana ameleta mstari huu: Nimesimama kwenye foleni, watu wengi sana wapo mbele yangu. Maharage yanasema 10 na 12. Vikao vya aina hii huenda hivi. Mmoja anasema toa “kwenye”, na kweli, “nimesimama foleni” inatimia 8 na haijapoteza kitu. Kipande cha pili kimekubaliwa kiishie na -ja. Mwingine anatoa “watu wengi wanangoja”. Punje nane. Wa tatu, ambaye hajasema neno tangu afike, anauliza wengi ndio wangapi. Mia? Mia na mmoja! Wanacheka, wanahesabu, inakaa. Baada ya nusu saa ya kubomoa na kujenga kunaweza kuwa na ubeti kama huu, nilioutunga kwa ajili ya mwongozo huu:

Nimesimama foleni, watu mia na mmoja,
Ndoo yangu mkononi, na wenzangu wanangoja,
Kaja mama wa jirani, madumu kumi pamoja,
Maji haya ni ya nani? Mwenyekiti toa hoja.

Kwa nusu saa yote hiyo hakuna aliyemuuliza kijana kwa nini kwao hakuna maji. Hakuna aliyemwonea huruma. Walikuwa wanagombania “mmoja”. Yeye amesema shida ya nyumbani kwao mbele ya watu kumi na tano, na kilichowekwa mezani kikachambuliwa ni mshororo, si maisha yake. Hiyo ndiyo sababu yangu. Mtoto mwenye aibu anaweza kujificha nyuma ya hesabu hadi atakapotaka kutoka. Ukimwambia “jieleze tu, sema kilichomo moyoni”, umemvua nguo mbele ya wageni.

Jumamosi inayofuata, msichana aliyepewa kujibu anavaa sauti ya yule mama mwenye madumu, kwa vina vilevile:

Umeniona bombani, hukuniuliza hoja,
Nina wagonjwa nyumbani, sita, wala si mmoja,
Nililala kibandani, usiku kucha nangoja,
Basi mwenye kosa nani, mimi au wewe mja?

Hapo baraza litawaka moto lenyewe, maana kila mmoja ana upande wake na mwenyekiti hajajibu bado. Usiingilie kutoa fundisho. Ukisema “kwa hiyo tunajifunza kuvumiliana,” umeliua shairi na mjadala kwa pigo moja.

Tahadhari ndogo ya ufundi: kina cha -ni ni chepesi mno, karibu kila neno la mahali linaishia hapo, na mimi nimekitumia juu kwa ajili ya wanaoanza. Wakishazoea, kipige marufuku kwa mwezi mmoja uone watakavyochimba.

Wakichoka na tarbia, wape utenzi, mistari minne mifupi ya mizani 8, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja na wa nne ukishika kina kinachofunga beti zote. Unafaa kwa hadithi ndefu: safari ya kuja mjini, kesi ya baba mdogo, siku ya bomoabomoa. Zoezi ninalolipenda linatokana na Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, mama mgonjwa wa upande wa Lamu akimuusia binti yake namna ya kuishi na mume na watu. Wasomee beti chache, kisha waambie binti hakupata nafasi ya kujibu; wamjibie wao. Wavulana nao waandike jibu hilo. Utapata majibu ya adabu, utapata na ya jeuri, na mama wa mtaani akiyasikia atataka naye atunge.

Swali la lugha litakuja mapema. Ruhusu maneno ya mtaani. Anayeimba singeli au kuchana tayari ana sikio la vina, pengine kuliko wewe. Muulize akuonyeshe anavyopumua katikati ya mistari. Mimi nina sharti moja tu: bibi yake akisikia, aelewe au aweze kuuliza akaelezwa. Kiswahili sanifu kitakuja chenyewe siku watakapotafuta neno la mizani tatu na lile la kijiweni lina mbili.

Mwalike mzee mtunzi wa mtaani, yupo, mara nyingi nyuma ya msikiti au kwenye baraza la bao. Mpe heshima zote na dakika ishirini. Bila kikomo atazungumzia uharibifu wa lugha hadi adhana ya alasiri. Mwombe asome shairi lake moja na awaghanie, maana kughani hakufundishiki ubaoni, halafu vijana wamjibu. Wazee wengi hulainika wakijibiwa kwa mizani iliyotimia.

Shairi linapoleta siri

Itatokea. Msichana ataleta beti ambazo si mchezo: mjomba, mlango, usiku. Kwa hiyo usisomeshe mtu kwa sauti shairi ambalo wewe au msaidizi wako hamjalisoma kwanza, na mtunzi awe na haki ya kusema “hili silisomi” bila kutoa sababu. Ukikutana na jambo la namna hiyo, mwite pembeni mahali mnapoonekana na watu lakini hamsikiki, msaidizi wa kike akiwepo. Msikilize. Usiahidi kutunza siri, kwa sababu mtoto akiwa hatarini hutaweza kuitunza. Pigeni simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ni bure, au nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa kata, au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Namba hiyo na sehemu hizo ziandike kwenye jalada la ndani la kila daftari tangu siku ya kwanza, ili asiyetaka kukuambia wewe ajue pa kwenda.

Wewe si daktari wa roho, na baraza si hospitali. Abdilatif Abdalla aliyatunga mashairi ya Sauti ya Dhiki akiwa gerezani Kenya, na kitabu kilipotoka mwaka 1973 hakuna aliyekisoma kama cheti cha mgonjwa. Walikisoma kama mashairi. Vijana wako nao wanastahili usomaji huo.

Picha na video ni eneo lingine la hatari. Shairi la kijana kuhusu baba yake mlevi likitupwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa litamfikia baba kabla kijana hajafika nyumbani. Hakuna kurekodi bila ruhusa ya mtunzi, na kwa aliye chini ya miaka 18, ya mzazi pia. Waeleze mapema kwamba shairi ni mali ya aliyelitunga. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda bila yeye kulipia chochote. Asasi ikija kuomba “kutumia” beti zao kwenye kalenda, iombe kwa mtunzi, kwa maandishi, na imlipe.

Hadhara na fedha

Kila baada ya miezi mitatu hivi fanyeni usiku wa mashairi, ambao kwa ajili ya wasichana utakuwa alasiri. Mikeka, viti vya shule, spika ya kuazima kwa vijana wa singeli. Asiwepo mgeni rasmi. Diwani au mwenyekiti akija, mkaribisheni akae na watu, na kama ubeti wa maji umemgusa, mpeni nafasi ya kujibu, kwa mizani akiweza. Ukimpa kiti kirefu na hotuba ya ufunguzi, Jumamosi inayofuata vijana wataanza kutunga kile wanachodhani anakitaka, na utakuwa umerudi kwenye fulana na kaulimbiu.

Ufadhili ukija, usome masharti kabla ya kushukuru. Mfadhili anayesema “tunataka mashairi ishirini kuhusu lishe” anatafuta matangazo. Mnaweza kumtungia kama kazi ya malipo, kwa bei, wanaotaka. Lakini vikao vya Jumamosi visiguswe. Mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo 4 ni ya vijana, ni kwa vikundi vya biashara na inarudishwa, kwa hiyo usiwaingize huko kwa jina la ushairi. Wakitaka kupanda majukwaani kwa malipo, hapo wajisajili Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Tuzo zipo, kama ile iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikaitwa Safal-Cornell, ambayo ina upande wa ushairi, lakini inataka mswada wa diwani nzima. Mtajie yule mmoja aliyekwishajaza madaftari matatu. Kwa wengine, kijitabu cha kurasa kumi na sita kilichotolewa kopi na kushonwa kwa uzi, nakala moja kwa kila nyumba, kinatosha sana kwa mwaka wa kwanza.

Watakaoondoka ni wengi. Mmoja atapata kazi ya ulinzi Mwenge, mwingine ataolewa, mwingine atahamia muziki na kukusahau. Usiwadai. Weka daftari moja la baraza lenye kila shairi na jibu lake, tarehe na jina analotaka mtunzi litumike, ili anayekuja mwezi wa tisa akute ubishi wa mwezi wa pili na aweze kuuingilia. Tangu mwezi wa tatu, uongozi wa kikao uzunguke: wiki hii fulani ndiye anayepanga nani amjibu nani, anayehesabu maharage na anayesema saa kumi imefika. Wakiunda kundi lao la simu na kuanza kurushiana beti usiku bila kukuita, usiombe kuingizwa.